Mama wa Kwenye Miwani

Sharja,
Ijumaa, baada ya sala

Kwako dada yangu Hawa,

Shikamoo, dada. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ndivyo Bimkubwa alivyotulea: mdogo hafungui neno kwa mkubwa kabla ya kumwamkia, hata kama njia nzima alikuwa anakuja anasaga meno. Hujambo? Shemeji naye, mgongo wake umekaa sawa? Na ile dawa ya kuchua niliyoichomeka kwenye sanduku la masufuria ilifika nzima au ilivujia kwenye vitambaa? Wanao wazima, bado wanagombania baiskeli moja? Mie mwili mzima, alhamdulillahi. Joto la huku limeshaanza ubaya wake, mchana bati la ghala huligusi. Kilichonishinda ni roho, na sidhani kama nahitaji kukueleza sana. Ulipouona tu mwandiko wangu umeshajua naja na lipi.

Naandika kwenye karatasi kwa makusudi. Nikikutumia sauti kwenye simu utasikiliza nusu, utasema mtandao mbovu. Nikikupigia, nitapayuka, nawe utaiweka simu kwenye spika wanao wamsikie mama yao mdogo anavyobwata huko Sharja, mcheke, iishie hapo. Karatasi haizimwi. Nimempa mama mmoja wa Mkwaja anayerudi wiki hii, mtu mzima asiye na umbea, nimemwambia akukabidhi mkononi mwako na si mwa mtu mwingine. Pamoja nayo atakupa kadi ndogo ya kamera. Kadi hiyo usiipeleke popote mpaka umalize kusoma.

Kazi inakwenda. Yule Zuhura aliyekuja huku kusugua masufuria ya mkahawa, anakula amesimama, sasa ana meza yake ghalani, ana mzani wake na utepe wake wa kupimia. Watu wa Tanga, Pemba na Mombasa wanaleta mizigo, napima urefu, upana na kimo, nazidisha kichwani, nawaambia nafasi watakayokula ndani ya kontena kabla hawajatoa simu zao kuhakiki. Juzi mmoja kaleta friji, ananiambia niandike nusu ya nilivyopima. Nikamwambia, "Kaka, friji lako limekuzidi wewe kimo, na wewe nikikupakia hutaingia kwa nusu." Watu wakacheka, naye akacheka, akakubali. Sikuambii haya kwa kujisifu. Nataka ukumbuke kwamba mtu uliyempa maneno yasiyolingana ni mtu anayepima vitu kutwa.

Ile miwani unajua ilivyoanza, lakini nitaisimulia tena, maana nasikia hapo nyumbani imeshapata masimulizi mapya.

Mteja wangu mmoja, mama wa Kisudani mwenye kijana mwenye usonji kama Saumu wetu, alileta vitu vyake vya kusafirisha, na ndani ya boksi mlikuwa na miwani minene kama ya mchomeleaji vyuma. Nikamuuliza ni ya nini. Akanivalisha. Dada, nilikuwa nimesimama katikati ya maboksi, mara niko dukani, huku matunda, huku mikate, nageuza kichwa na duka linageuka nami. Nikanyoosha mkono kushika tufaha, nikashika sikio la Mpakistani anayeendesha foklifti. Alipiga ukelele ghala zima likasimama. Wenyewe wanauita uhalisia pepe. Sisi tukasema miwani, yakaisha.

Yule mama akanieleza. Mtoto mwenye usonji, dunia inamjia yote kwa mpigo: honi, harufu, macho ya watu, jua, mtu anamshika bega bila kumwambia. Ndani ya miwani unampunguzia. Barabara ni ileile, mwenye duka ni yuleyule na neno lake ni lilelile, sauti unaishusha hadi pale anapoiweza, halafu unaipandisha kidogo kidogo. Anarudia apendavyo, hakuna anayemcheka wala anayechoka. "Lakini si dawa," aliniambia, "na si kila mtoto anaipenda. Dakika chache tu, mtu akae pembeni yake, na akikataa mvue." Hakuniuzia. Mwanawe alikuwa amekua, kichwa hakiingii tena, akaniambia mpelekee binti yako.

Binti yangu. Unakumbuka nilivyomwacha. Miaka mitano, hana hata neno moja. Akisikia mashine ya kusaga ya pale Pongwe anajigonga kichwa ukutani. Mlango ukisahaulika wazi yuko kwenye lami, malori yanapiga breki. Baba yake alishajitafutia kwingine pa kutulia. Watu wakaja na maneno yao, mtoto ana shetani, apelekwe kule Tongoni kwenye makaburi ya zamani akaombewe. Wewe ukatoka jikoni na mwiko mkononi, ukawaambia, "Shetani ni nyie mnaokuja kwangu kila saa ya chakula." Sijalisahau hilo, wala sitalisahau. Ndiyo maana hili la sasa limeniingia ndani. Lingetoka kwa jirani ningelitema njiani.

Mwalimu Esta wa darasani kwa Saumu ndiye aliyeipokea miwani kwa akili. Yule binti wa wazee waliokuja kukata mkonge ana subira sijui kaitoa wapi. Alimwachia Saumu aishike tu, ainuse, aivalie mguuni, mpaka mwenyewe akaipandisha usoni. Na wewe, nikuseme kwa haki, ndiye uliyeona kasoro ya kwanza. Ulinipigia unahema.

"Zuhura, miwani yako inamfundisha mtoto kugongwa!"

"Kwa vipi, dada?"

"Tumefika barabarani, kageuza shingo kushoto, katazama vizuri kama alivyofundishwa, kaingia. Lori linatoka kulia! Nimemvuta kwa mtandio."

Barabara ya ndani ya miwani ilikuwa ya nchi kama hii niliyopo, magari yanakaa kulia. Saumu alishika somo sawasawa, ila somo lilikuwa la kwingine. Hapo ndipo nikaelewa kwamba huyu mtoto hachukui mfano akaupindisha kidogo ufanane na kwake. Anachopewa ndicho anachokishika, kwa upande uleule.

Kwa hiyo nikatuma ile kamera yenye macho mawili, mbele na nyuma, ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, inayochukua pande zote kwa pamoja. Nikawaambia mpimeni Saumu kutoka kisigino hadi jicho, na kamera ikae kwenye kimo hicho, kwa sababu dunia ya mtoto haionekani kutoka kifuani kwa mtu mzima. Shemeji akachonga fimbo ya kuisimamishia. Mkarekodi barabara yetu, lori likitoka kulia. Mkarekodi mashine ya kusaga, kwanza bila sauti kabisa, magurudumu yanazunguka kimya kama ndoto. Mkarekodi duka la Mpemba, Saumu anaingia, shikamoo, marahaba, naomba mkate, ahsante.

Siku alipoingia dukani kwa miguu yake mwenyewe, bila miwani, wewe umejificha nyuma ya mlango wa jirani, ulinisimulia hadi nikalia kwa kicheko. Kasema shikamoo, neno zima, halina ufa. Mpemba wa watu kwa furaha akajibu, "Marahaba mwanangu, karibu sana, leo umependeza!" Saumu akageuka akatoka nje. Akaingia upya. Shikamoo. "Marahaba mwanangu, karibu, wataka nini?" Akatoka tena. Ikabidi uende umwambie, "Wewe Mpemba, ndani ya miwani umesema marahaba tu. Sema marahaba, funga mdomo." Akafunga mdomo. Saumu akanunua mkate.

Tulicheka sana siku ile, dada. Ulikuwa unajua basi. Kumbuka hilo, kwamba ulikuwa unajua. Neno likiongezewa kitu, kwake si neno lile tena.

Sasa nafika penyewe.

Mwalimu Esta alisema lipo somo moja kubwa kuliko barabara na duka. Saumu akiumia hamwendei mtu. Anakwenda kona, anajikunja, mnakuja kugundua damu baadaye kwenye gauni. Alitaka afundishwe kumtafuta mtu wake, amshike mkono, auweke panapouma, aseme, "Mama, naumwa." Ukaniambia kwenye simu, kwa mdomo wako, "Mwalimu anataka sura ya mama na sauti ya mama. Rekodi utume."

Nilirekodi. Nilimwomba yule Msudani kamera, nikasogeza kitanda nje ya chumba, nikajifunga leso ile ya Bimkubwa yenye mabibo, ili harufu isipofika angalau rangi ifike. Nikachuchumaa, maana nilishajua jicho lake liko wapi. Nikasema, "Njoo mwanangu. Mama yupo. Wapi panauma?" Nikarudia mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Nikatia kadi kwenye mkebe wa tende, nikaandika juu jina lako.

Mkebe ulifika. Tende mlikula. Ukaniambia, "Kadi imekataa kufunguka, mdogo wangu. Mwalimu kajaribu kwenye kompyuta ya shule, imegoma."

"Narekodi nyingine basi."

"Usihangaike, una kazi nyingi. Mwalimu atapata njia."

Nikashukuru. Nikaona dada ananionea huruma.

Halafu ikaja ile siku wazazi walipoalikwa darasani, na Mwalimu Esta akanitumia video kwa furaha yake mwenyewe, bila ubaya wowote. Nilikuwa ghalani na utepe mkononi. Namwona Saumu amekua, miguu mirefu, anakimbia uani, anaanguka, goti linachubuka. Nikajua atakwenda kona. Hakwenda. Akasimama. Akawapita watu wazima wote waliokuwa wamenyoosha mikono kumwita, akaja hadi kwenye benchi, akashika mkono wako, akauweka gotini. "Mama. Naumwa."

Ghala zima lilinisikia. Niliruka, nikamshika yule Mpakistani, nikamwambia mwanangu amesema!

"Mabruki, sista! Amesema nini?"

"Amesema mama!"

Akachungulia simu, akatazama video hadi mwisho. "Mama ni huyu? Mbona wewe uko hapa?"

Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza tu anavyoona. Nikaicheza video upya, na mara hii nikakutazama wewe badala ya Saumu. Watu wanapiga makofi, wewe unafuta machozi, lakini hukuitazama kamera hata kidogo. Ulijua video ile inakuja kwangu.

Nikampigia Mwalimu Esta. Nikamwambia hongera na ahsante, kisha nikauliza, kama mtu anayeuliza la kupita tu, ile kadi yangu iliyogoma waliitupa au ipo.

"Kadi gani, dada Zuhura?"

"Niliyojirekodi. Somo la naumwa."

"Mimi sijaletewa kadi. Dada yako alisema mmeshakubaliana arekodiwe yeye, kwa kuwa wewe huna nafasi."

Huna nafasi. Dada, kama ungesema mdogo wangu yuko mbali, ningeinama, maana ni kweli. Ungesema mtoto hanijui, ningelia halafu ningekubali. Lakini ukanipa tabia isiyo yangu, mbele ya mwalimu, na kumbe hata mbele ya Bimkubwa, kwa sababu siku chache kabla ya video ile, nilipompigia Tongoni kumwamkia, aliniambia kwa sauti ya kunionea haya, "Mwanangu, hata dakika kumi za mtoto hukuwa nazo?" Mie sikuelewa anasema nini. Nikamjibu kazi nyingi, Bimkubwa. Nikajitia kitanzi kwa mkono wangu.

Tulipozungumza mimi na wewe, maneno yako nimeyashika na nakurudishia kama yalivyo, ili usiseme nimeyageuza.

Nilikuuliza, "Kadi ilikuwa mbovu?"

Ukasema, "Mtoto akianguka leo barabarani akaita mama, aje nani, ndege?"

Nikakuuliza tena, "Kadi, dada."

"Ulitaka amwite nani mama, picha? Miaka yote hii nani anamwogesha? Nani anamkata kucha akipigwa mateke?"

"Wewe. Kadi ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa nzima," ukasema. "Imo kwenye kopo la vifungo." Halafu ukaongeza lile neno, kwa sauti ya upole kabisa, kama unanipoza: "Zuhura, kwani kwetu tangu lini mama akawa mmoja? Si sote ni mama zake?"

Nilikata simu kwa sababu ya hilo. Yale ya kwanza yalikuwa makali lakini yalikuwa ya kweli. Hilo la mwisho halikuwa kweli, na ulijua.

Ni sawa, kwetu mama hana idadi. Wanao wananiita mama mdogo, nami nawaita wanangu, na hakuna anayepungukiwa. Muuza samaki ni mama, jirani ni mama, mtoto wa kike wa miaka miwili tunamwita mama akinuna. Neno hilo tunalitandika kama mkeka, wakija wageni tunasogea. Lakini Saumu hasogei, Hawa. Saumu ana kikombe kimoja, chenye mstari wa bluu, na kikiwa kichafu hanywi maji. Ana upande mmoja wa kitanda. Ulimwondolea Mpemba "karibu sana" yake kwa sababu hiyohiyo. Kazi yangu imenifundisha kwamba boksi halitanuki kwa sababu umelipenda. Ukitia kimoja, kingine kimebaki nje kwenye sakafu. Saumu alikuwa na nafasi moja ya neno hilo, tukaisubiri miaka, na miwani niliyotafuta mimi, na kamera niliyotuma mimi, ndiyo iliyokuingiza wewe mle ndani. Mie nikabaki sakafuni.

Na ungeniuliza! Hilo ndilo linalonikaba. Ungenipigia ukasema, "Mdogo wangu, mwalimu anasema aliyepo ndiye afaaye kurekodiwa, unaonaje?" Ningekasirika siku mbili tatu. Kisha ningesema ndiyo, kwa sababu na mie nina akili, na nisingependa mwanangu aite picha huku damu inamtoka. Ningekupa, Hawa. Ulikichukua kitu ambacho ningekupa, na sasa hata nikisema nimekupa, si kweli, kimeshaibwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo huenda hulijui lote, maana Mwalimu Esta nilimwomba asiseme. Hasira ilinifanya nimlazimishe aweke rekodi yangu. Alikuja kwako akaichukua kadi kwenye kopo, hilo unalijua. Alinionya. "Dada Zuhura, neno hili ni changa. Ukilihamisha linaweza kukatika." Nikamwambia ni mwanangu, weka. Akaweka, akanipigia kwa video ili nishuhudie. Saumu akavaa miwani, akanisikia. "Njoo mwanangu. Mama yupo." Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akageuka nyuma kabisa, akatazama hata chini. Nilijua anachofanya. Ananipita mimi, anakutafuta wewe nyuma yangu. Halafu akavua miwani taratibu, akampa mwalimu mkononi, akasema, "Siyo."

Neno jipya, dada. Hatukuwa tumemfundisha. La pili la maana alilolisema maishani mwake kwa nia yake mwenyewe, na kanielekeza mimi.

Kuanzia hapo akakataa kuivaa kwa muda. Na kwako alikuja? Hakuja. Mwalimu alinieleza mlivyomkuta nyuma ya stoo kiganja kimeungua kwa sufuria ya uji, amejikunja, hana sauti. Ulidhani ameanza kurudi nyuma tu, ukalia, ukamwambia mwalimu labda umemkosea. Hukumkosea hapo. Nilikuwa mimi, nilikuwa navutana nawe, na kilichokuwa katikati yetu ni yeye. Basi nikampigia mwalimu nikamwambia mrudishe dada yangu. Futa ya kwangu. Weka ile ya barazani, Hawa na kanga yake, na mrekodi upya kama inabidi. Alipokuja kukwambia vaa nguo ileile ukae palepale, hukujua agizo limetoka wapi. Limetoka huku. Na nasikia wiki iliyopita kachomwa na mwiba, kaja kwako mwenyewe hadi jikoni, kaweka mkono wako kwenye unyayo, neno limerudi.

Nimefurahi. Nataka uniamini hapo. Nimefurahi na sijakusamehe, yote mawili kwa pamoja, na wala hayapunguzani.

Ninachokutaka ni hiki. Uende Tongoni. Usimtume mtoto, usipige simu, uende mwenyewe ukae mbele ya Bimkubwa umwambie kadi ilifika, ilikuwa nzima, na Zuhura alikuwa na nafasi. Umwambie kwa mdomo uleule uliomwambia sina. Mengine yote tutayamaliza tukiwa wawili, tunaweza hata kupigana kama zamani tulivyogombea kibao cha mbuzi, lakini sitaki mama yangu afe akidhani nilimnyima mtoto wangu dakika kumi. Mama yangu, nasema. Yeye angalau mie na wewe tunaye sawa kwa sawa.

Msalimie shemeji, mwambie nimeisifu fimbo yake ya kamera kwa jinsi ilivyonyooka. Wanao wabusu, baiskeli ya pili imo kwenye mzigo unaokuja, waambie iwe mwisho wa ugomvi. Msalimie Mpemba wa duka, na umwambie aendelee kufunga mdomo. Mwalimu Esta mpe mkono wangu wa shukrani, na umwombe radhi kwa ajili yetu sote wawili, maana tumemtia katikati ya mambo yasiyo ya darasani. Bimkubwa nitampigia baada ya wewe kufika kwake, si kabla. Saumu usimsalimie. Salamu ya mtu asiyeonekana haimfikii, itamsumbua tu.

Kwa ajili yake ipo hiyo kadi.

Nakuja nyumbani, dada. Nimeshaomba ruhusa, mizigo ya mfungo ikishaondoka nami naondoka. Sitaki nisimame mlangoni mwenu na begi, mwanangu akimbilie kona. Inabidi anizoee kwanza ndani ya miwani, na inabidi niwe na jina. Nililitafuta jina hilo kama ninavyotafuta nafasi ya boksi la mwisho kwenye kontena lililojaa. Zuhura tupu, hapana, hakuna mtoto wa kwetu anayemwita mzazi kwa jina. Shangazi, hapana, sikuzaliwa upande huo. Nikapiga hesabu inavyopaswa kupigwa. Mama yake ni Hawa. Mie ni mdogo wake Hawa. Mdogo wake mama anaitwaje? Nimeigeuza kila upande na kila upande inatoka vilevile, jina ambalo wanao wananiita siku zote na sikuwahi kulisikia lina uzito.

Basi nimerekodi. Nimesimama mlangoni, nimevaa dera la kijani nitakaloshukia nalo, begi jekundu mkono wa kulia, na siku hiyo nitashuka hivyohivyo, nisije nikaambiwa "Siyo" mara ya pili. Nasema hodi. Nangoja. Kisha nasema, "Saumu, mimi ni mama mdogo. Nimekuja." Hakuna zaidi. Mpe mwalimu aiweke.

Nilirudia mara nyingi, kwa sababu ulimi kila ukifika pale ulisimama kwenye neno la kwanza ukakataa kuvuka. Iliyomo ndiyo bora niliyoiweza. Ukiisikiliza, baada ya "mama" kuna kimya kidogo, ndipo inakuja "mdogo". Mwalimu Esta atataka kukikata kile kimya ili somo liwe safi.

Mwambie asikikate.

Ni mimi, mdogo wako,

Zuhura